Myombo wa Kigoma: Mti wa kamba na namna ya kuutambua

Msafiri anayetoka Kasulu kwenda Kibondo huona pori la miti inayofanana. Kwa mrina asali na mtafuta kamba mambo ni tofauti, kwani anayebandua gome la mti asioujua huenda akaharibu mti na asipate kamba.

Mti unaosifika kwa kamba ni myombo, ambao kwa jina la kitaalamu huitwa Brachystegia boehmii. Ndio uliozaa jina la misitu ya miombo, iliyotapakaa hadi Angola na Msumbiji.

Alama iliyo wazi ni jani. Jani la myombo huning'inia na hugawanyika katika vijani vyembamba, jozi zipatazo 14 hadi 28, vilivyopangana mithili ya unyoya wa ndege. Mtundu, jamaa yake wa karibu, una jozi chache, aghalabu nne, na ile ya nchani ndiyo kubwa kuliko zote. Wekundu wa majani machanga, unaolipamba pori kabla ya masika, haufai kuwa kitambulisho, kwa kuwa miti yote miwili huwa nao.

Mahali pia husaidia. Myombo huvumilia miteremko ya mawe yenye udongo haba, ilhali mtundu hupendelea udongo wenye kina usiotuamisha maji. Hata hivyo, si ajabu kuikuta imeota pamoja.

Chini ya gamba gumu la myombo kuna gome la ndani lenye nyuzi ndefu na imara. Nyuzi hizo hufungia kuni na fito za nyumba. Wakati wa mvua gome hubanduka kwa urahisi, na hapo ndipo wengine huvua lote kulizunguka shina ili kupata mzinga wa nyuki.

Tatizo liko hapo. Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka mizizini kupitia gome hilo la ndani. Likiondolewa pande zote, mizizi hukosa chakula na shina hukauka likiwa limesimama. Ukanda mwembamba wa upande mmoja, au gome la tawi lililokatwa, huuacha mti hai.

Mrina asali hupata hasara maradufu, maana maua ya myombo huwalisha nyuki wake. Mzinga wa mbao hauhitaji gome, lakini mbao hununuliwa, wakati gome hupatikana porini bila kutoa hata senti.