Pantoni Isiyo na Nauli: Maisha Kando ya Mfereji wa Kiel

Mtu aliyekulia Kigamboni au Likoni akifika kwenye mfereji wa Kiel, kaskazini mwa Ujerumani, hutafuta kwanza dirisha la tiketi. Halipo. Pantoni inashusha mlango, magari yanaingia, wenye baiskeli na waendao kwa miguu wanapanda, na ng'ambo kila mmoja anashika njia yake bila kuulizwa hata senti. Likoni mtu wa miguu halipi, lakini gari hulipiwa. Huku hata lori lililosheheni mchanga huvuka bure.

Huu si ukarimu wa manispaa. Mfereji ulipochimbwa kati ya 1887 na 1895, ulikata barabara na kuwatenga wakulima na mashamba yao, na serikali ikabeba jukumu la kuwavusha watu bila malipo. Jukumu hilo halijafutwa. Nalisisitiza kwa sababu nimewasikia vijana wetu wanaokuja kwa mafunzo ya uuguzi wakikataa chumba kizuri cha ng'ambo, wakiamini kwamba nauli ya kivuko itawamalizia posho. Chumba kichukueni. Ulizieni tu saa za kivuko cha hapo, maana vingi huvusha usiku na mchana, lakini si vyote.

Kinachoweza kukuchelewesha ni meli. Mfereji una urefu wa kilomita 98.6, kutoka Brunsbüttel kwenye mlango wa mto Elbe hadi Holtenau mjini Kiel, na huiepusha meli kuzunguka rasi yote ya Denmark, safari ya ziada ya kilomita 460 hivi. Kwa mwaka hupita meli zaidi ya 20,000, mbali na mashua za starehe. Nyingi haziruhusiwi kuzidi mwendo wa kilomita 15 kwa saa, na zile kubwa hupishana tu pale mfereji ulipopanuliwa, kwa kufuata taa za kuongozea. Meli ya namna hiyo haisimami ghafla, kwa hiyo pantoni ndiyo inayoisubiri. Mwenye zamu ya asubuhi hospitalini na atoke mapema kidogo, hasa siku za ukungu.

Rendsburg ndio mji unaoonyesha vizuri zaidi jinsi maji haya yanavyopanga maisha ya watu. Reli inapita juu ya daraja la chuma la mwaka 1913, lililoinuliwa ili meli zipite chini yake zikiwa na nafasi ya mita 42. Kwa kuwa stesheni iko karibu mno na mfereji, treni hulazimika kuzunguka duara kubwa juu ya nyumba za watu ili ishuke taratibu. Chini ya daraja hilo hilo linaning'inia jukwaa lililoshikwa na nyaya, linalobeba watu na magari machache kutoka ukingo hadi ukingo, kimo kidogo tu juu ya maji. Januari 2016 meli ya mizigo iligongana nalo. Jipya lilianza kazi Machi 2022. Miaka sita yote hiyo, waliokuwa wakilitegemea walipanga upya njia zao za kazini na shuleni. Bahati nzuri, upo ushoroba wa waendao kwa miguu chini ya mfereji, wenye ngazi za umeme ndefu na lifti kwa mama mwenye kigari cha mtoto.

Karibu na daraja hilo pia meli husalimiwa kwa wimbo wa taifa wa bendera yake. Usishangae kusikia wimbo wa Liberia kwa meli ambayo mabaharia wake wanatoka Ufilipino, kwani wenye meli huzisajili popote wanapoona nafuu. Mabaharia hao hukaa miezi mingi bila kuziona familia zao. Misheni ya mabaharia ina vituo Brunsbüttel na Kiel, na sisi tunaojua uchungu wa kuwa mbali na nyumbani tunafaa sana kwenda kujitolea huko.

Neno langu kubwa zaidi ni kwa wazazi. Watoto wetu wanayaona maji yametulia, na sisi tuliozaliwa pwani tunajiona tunayajua maji. Haya hayafanani na bahari ya Bamburi. Meli kubwa inapopita kwenye njia nyembamba huyavuta maji kutoka ukingoni. Mawe hubaki wazi, na mtoto huvutiwa kushuka kuokota kitu. Muda mfupi baadaye maji hurudi kwa nguvu. Kuogelea kumepigwa marufuku, na kuvua samaki kunahitaji leseni ya uvuvi pamoja na kibali cha eneo. Meli ikitokea, mshike mtoto mkono, mpande nyote hadi kwenye njia ya juu, na msishuke mpaka mawimbi yake yawe yametulia kabisa.