Kompyuta ya gemu kwa bajeti ndogo: anza na mashine ya ofisi

Kama umezoea kulipia kila mechi pale kwa banda la PlayStation hapa Langas, hesabu unaijua. Mechi tatu leo, nne kesho, na mwisho wa mwezi hujui pesa ilienda wapi. Ndiyo maana vijana wengi hutuuliza: naweza kujijengea kompyuta ya gemu bila mkopo? Unaweza, mradi usinunue kila kitu siku moja.

Anza na mashine ya ofisi iliyotumika, zile maduka huita ex-UK: Dell OptiPlex au HP EliteDesk. Tafuta yenye Core i5 ya kizazi cha 8 kuendelea. Kizazi cha 6 ni bei rahisi, lakini hakimo kwenye orodha rasmi ya Windows 11, na Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine hii utaitumia kwa assignment na kazi za kuchapa huku ukiweka akiba ya hatua inayofuata.

Hatua hiyo ni kadi ya grafiki, na hapa ndipo wengi hukosea. Slot ya kadi hutoa wati 75 pekee, na pawa saplai za mashine za ofisi mara nyingi hazina waya wa ziada wa kulisha kadi kubwa. Kwa hivyo tafuta kadi isiyodai waya huo. GTX 1050 Ti nyingi ziko hivyo. Ni kadi ya 2016, sawa, lakini ndiyo kiwango cha chini cha EA Sports FC 25, pamoja na RAM ya GB 8. Angalia kasha pia: likiwa lile jembamba, kadi ya kawaida haiingii, itabidi utafute ya kimo kifupi. Na usisahau bando! Gemu hiyo inataka nafasi ya GB 100. Afadhali uipakue mahali penye Wi-Fi.

Sasa tuongee pesa. Mteja wetu mmoja aliona kadi mtandaoni, akatuma shilingi 13,500 kwa nambari ya muuzaji asiyemjua. Akaambiwa mzigo uko kwa basi kutoka Nairobi. Kesho yake nambari ilikuwa imezimwa. Alitupigia baada ya siku mbili, na pesa ilikuwa imeshatolewa kwa ajenti. Hapo hatukuwa na la kufanya, na tunasema ukweli ilituuma.

Ukiweza, nunua dukani na ulipe kwa till ya duka. Soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Likiwa jina la mtu binafsi na umesimama ndani ya duka, uliza kwa nini. Mwambie fundi awashe mashine, afungue gemu, icheze kama nusu saa hivi. Kadi mbovu huanza kuonyesha mistari ikishapata moto. Risiti iandikwe nambari ya kifaa, na ule ujumbe wa malipo usiufute, maana ndio ushahidi wako ukirudisha kitu.

Kama kadi iko Luthuli Avenue na wewe uko Langas, mtume ndugu au rafiki aliye Nairobi aijaribu ndipo ulipe. Huna mtu huko? Kubaliana na muuzaji ulipe mzigo ukifika. Akisisitiza deposit kwanza, toa tu kiasi ambacho kikipotea bado utalipa rent. Mwenye haraka sana na pesa yako, mwache.

Na ukihisi umetapeliwa, usingoje kesho. Tupigie saa hiyo hiyo ukiwa na nambari ya muamala. Pesa ikiwa bado kwenye akaunti ya mpokeaji, kuna nafasi ya kuizuia.