Asubuhi ya Ukungu Bendera

Sogeeni karibu, wajukuu zangu, leo tuongee habari za ukungu na namna ya kuupiga picha. Hapa Bendera milima imetuzunguka, na mto Kiyimbi unateremka kwa kishindo kwenye mitambo inayopeleka umeme Kalemie. Usiku mbingu zikiwa wazi, ardhi hupoteza joto upesi. Hewa inayoigusa hupoa, na hewa baridi ni nzito, basi huteremka na kutulia mabondeni. Mvuke uliomo hugeuka vitone vidogo mno, kila kimoja kama sehemu ya mia ya milimita.

Wengi hungoja jua litoke ndipo wapige picha. Mimi nasema wamechelewa! Mchana kilima chenye msitu huonekana kijani kitupu, mti wa mbele umeshikana na wa nyuma. Ukungu huitenganisha miti hiyo. Kati yako na mti wa mbali vimo vitone vingi zaidi, vyote vinatawanya mwanga, kwa hiyo mti ule hufifia huku wa karibu ukibaki mweusi. Tafuta basi kitu kimoja kilicho karibu nawe, labda mchikichi, labda mama anayekwenda shamba (mwombe ruhusa kwanza), uiache milima ifuate nyuma yake.

Simu au kamera ikiona weupe mwingi hudhani mwanga umezidi. Huupunguza, na ukungu hutoka wa kijivu kama maji yaliyooshewa vyombo. Gusa kioo cha simu palipo na ukingo wa shina ili ipate pa kulenga, kisha sukuma juu kidogo alama ya jua itakayotokea, picha ipate mwanga zaidi. Lenzi nayo hulowa, ifute kwa kitambaa safi cha pamba.

Halafu chuchumaa. Kwenye nyasi utaona utando wa buibui ambao jana hukuuona, kila uzi umebeba matone. Sogeza simu taratibu, usiupulizie pumzi. Ndani ya kila tone majani yamepinduka, mbingu ziko chini na ardhi juu. Jua likianza kupenya, simama mahali ambapo mti uko kati yako nalo, miale itachomoza matawini. Fanya haraka, ukungu haukawii kuondoka.

Ukungu hulowesha pia misitu ya Mlima Kabobo. Huko wanaishi mbega wa aina ambayo haipatikani penginepo popote duniani, wanaoitwa kwa jina la Alexandre Prigogine, mtaalamu wa ndege. Mwaka 2016 sehemu ya misitu hiyo ilitangazwa kuwa hifadhi. Misitu yetu haijapigwa picha za kutosha. Basi kila mtakapopiga, andikeni tarehe, saa na jina la mahali, na mzitunze picha hizo vizuri.