Tawakkul na Matimba ya Duara

Ndugu Waislamu, huko Sekenke, wilayani Iramba, dhahabu imechimbwa tangu zama za Wajerumani, na vijana wetu hushuka maduarani kutafuta riziki ya halali. Likiporomoka, husemwa: "Ni qadar." Naam, qadar ni ya Allah, lakini Mtume (S.A.W.) alimwelekeza bedui amfunge ngamia kwanza, kisha ategemee. Kwa mchimbaji, kumfunga ngamia ni kusimika matimba imara, kuvaa kofia ngumu na kutoshuka ardhi ikilowa mvua. Mwenye duara naye amebeba amana: Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamwajibisha, na Kiyama ataulizwa.

Wazazi, kijana akileta fedha nyumbani, tusiulize kiasi tu. Tuulize pia: shimo ulilotoka lina matimba? Wabillahi tawfiq.