Mweru: Mila Iliyorudi Nusu

Mwishoni mwa miaka ya 1940 mtafiti mmoja kutoka Uingereza, Ian Cunnison, alikuwa akizunguka vijiji vya bonde la Luapula, katika Rhodesia Kaskazini ya wakati huo, Zambia ya leo, akiwauliza wazee habari za kale. Wazee walimsimulia vita na safari za mababu waliokufa zamani sana, lakini walisimulia kwa namna ya kushangaza. Nilitoka kwa Mwata Yamvo, mfalme wa Walunda wa magharibi, walisema. Nilivuka mto. Nilimpiga fulani, nikagawa nchi.

Hawakuwa wanatia chumvi. Bondeni humo mtu akifa, jina lake, cheo chake na hata undugu wake hukabidhiwa mwingine, na aliyekabidhiwa huwa ndiye yule marehemu. Kijana akirithi jina la babu yake, watu wazima waliokuwa watoto wa babu watamwita baba, ingawa pengine wao ndio waliombeba mgongoni. Cunnison aliita mpango huo undugu wa kudumu. Wenye nao hawakuona haja ya kuupa sifa: ndivyo watu wanavyoishi.

Siku hizi mitandao imejaa wahamasishaji. Jipende, jitambue, jiamini, tafuta thamani yako ndani yako. Kwa wazee wa Luapula ushauri huo ungekuwa kichekesho. Mtu aliyerithi kiti hana haja ya kujitafuta. Anajulikana ametoka wapi, nani amwamkie vipi, nani ana haki ya kumtania na nani atamzika.

Mwambao wa ziwa la bonde hilo haufanani na mahali pa kuhifadhia mambo ya kale. Ziwa Mweru lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 5,000, na mpaka wa Zambia na Kongo umepita katikati ya maji. Mto Luapula unaingia kutoka kusini kupitia vinamasi na visiwa, Chisenga kikiwa kimojawapo, kisha maji yanatoka kaskazini kwa jina la Luvua. Kashikishi, jirani na Nchelenge, ni soko la samaki lisilolala. Dagaa wa huko, wanaoitwa chisense, huvuliwa usiku kwa taa, wakaanikwa kutwa, wakafungwa magunia kwenda miji ya migodi. Kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari serikali hufunga uvuvi ili samaki wazaane. Ng'ambo ni Katanga, ambako Kiswahili ndicho lugha ya soko, na upande wa Zambia ni Kibemba, ila mfanyabiashara wa ufukweni hakosi maneno ya kununulia kitenge kwa lugha zote mbili. Uhusiano huo ni wa zamani. Msafiri David Livingstone alipofika ziwani Novemba 1867, kisha akaenda kwa mfalme mwenye cheo cha Kazembe, alimkuta huko mfanyabiashara wa pwani, Muhammad bin Salih, ambaye alikuwa ameshazuiliwa miaka mingi asirudi kwao.

Kisa ambacho kila mtu wa bonde hilo anakijua ni cha Nachituti. Kaka yake, Nkuba, alikuwa mtawala wa Washila, wavuvi wa Mweru. Nkuba alimuua mtoto wa dada yake huyo, akachuna ngozi yake. Nachituti alipogundua, hakujifungia ndani kulia. Alikwenda kwa Kazembe, mfalme wa Walunda waliokuwa wamekuja kutoka magharibi, akamtaka amlipizie kisasi. Kazembe alimuua Nkuba. Nachituti naye akamkabidhi mshindi kapu la udongo na chungu cha maji, yaani nchi na ziwa.

Unaweza kukisoma kisa hiki kwa macho ya mashaka. Walunda walihitaji hati ya kumiliki ziwa lisilokuwa lao, na hati hiyo wakaiweka mikononi mwa mwanamke aliyedhulumiwa. Mwanahistoria David Gordon amekichambua kwa namna hiyo katika kitabu chake cha 2006, Nachituti's Gift, na kuonyesha jinsi hadithi hiyo ilivyotumika kupanga nani avue wapi. Lakini hebu tutazame mwanamke anavyosawiriwa humo. Anaweza kuitoa nchi kwa sababu nchi inapita kwake. Na mtoto aliyeuawa ni mpwa wa Nkuba, ambaye kwa desturi ndiye angekuja kukikalia kiti chake. Aliyemuua mpwa alimuua mrithi.

Hapo ndipo mila ya Luapula inapotofautiana na picha ambayo wengi wetu tunayo kila tukisikia neno mila. Sehemu kubwa ya watu wa bonde hilo huhesabu ukoo kwa mama, isipokuwa nyumba ya kifalme ya Kazembe inayofuata baba. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, uwe wa mamba, wa mbuzi au wa mvua. Mke ana kaka zake nyuma yake, na ndoa ikivunjika, hatupwi barabarani kama mgeni. Karla Poewe, aliyefanya utafiti Luapula katika miaka ya 1970, aliwakuta wanawake wenye mashamba yao, biashara zao na akiba zao, wasioona sababu ya kuchanganya mali na waume. Aliwakuta pia wanaume waliochoka. Mwenye duka au boti aliyefanikiwa hakupenda jasho lake liende kwa watoto wa dada, na wengine wa aina hiyo walivutiwa na makanisa ya Mashahidi wa Yehova na Waadventista Wasabato, yaliyosisitiza familia ya baba, mama na watoto wao.

Mpango huo ulikuwa na jeraha lake. Mume akifa, ndugu zake wa upande wa mama walikuja kuchukua vitu, na mijini, ambako mjane hakuwa na shamba la kwao la kurudia, waliondoka na kila kitu hadi sufuria. Ndipo mwaka 1989 Zambia ikatunga sheria ya mirathi kwa anayekufa bila wosia: watoto asilimia 50, mjane au mgane 20, wazazi 20, wategemezi wengine 10. Ardhi iliyo chini ya mila haimo katika mgawo huo. Ndoa nayo ilikuwa na utakaso wa mjane kwa kulala na ndugu wa marehemu, jambo ambalo enzi ya Ukimwi liligeuka kuwa hukumu ya kifo, na machifu wengi waliruhusu lifanywe kwa njia nyingine, kama kupakwa unga au kufungwa shanga. Anayesema turudi kwenye mila bila kutaja haya hajaishi nayo.

Kwa hiyo, watu wanaposema mila imerudi, ni nini hasa kimerudi?

Kimerudi kwanza kile kinachopendeza kutazama. Kila Jumamosi ya mwisho ya Julai, Mwansabombwe, kwenye ikulu ya Mwata Kazembe, hufurika watu wanaokuja kumwona akicheza Mutomboko, ngoma ya ushindi. Sherehe kwa sura yake ya sasa ilianza mwaka 1961, alipotawazwa Mwata Kazembe wa 17, Paul Kanyembo Lutaba. Asubuhi mfalme hutoa sadaka ya chakula na kinywaji kwa mababu penye maji ya mto Ng'ona. Mchana hucheza akiwa na upanga na shoka, amevaa mukonso, vazi zito la marinda kuanzia kiunoni, na mwishoni huuelekeza upanga juu na chini: aliye mbinguni ndiye pekee awezaye kumshinda, na ardhi ndiyo itakayommeza. Wanasiasa huketi mstari wa mbele. Watoto wa Luapula wanaoishi Copperbelt na Lusaka huja kwa mabasi, wakapiga picha, wakala samaki, wakarudi kazini.

Muziki nao ulishapata wakati wake. Kalindula, uliochukua jina la gitaa la besi la kutengenezwa nyumbani, ulitoka mkoa wa Luapula ukaingia redioni katika miaka ya 1970, baada ya Rais Kaunda kuagiza kwamba asilimia 95 ya muziki wa redio uwe wa Zambia.

Kilichorudi kwa kishindo zaidi ni mafundisho ya ndoa. Mwaka 1931, katika nchi ya Wabemba mashariki ya Luapula, Audrey Richards aliketi siku 23 akitazama wasichana wawili wakichezwa chisungu, na mwaka 1956 akatoa kitabu juu yake. Msomaji aliyepitia unyago atajiona nyumbani. Yupo kungwi, anayeitwa nachimbusa, mwanamke wa heshima aliyefikia cheo hicho kwa miaka ya kujifunza. Zipo nyimbo za mafumbo. Zipo mbusa, vinyago vya udongo na michoro ukutani kwa rangi nyeupe, nyekundu na nyeusi: nyoka, simba, nyumba, jembe, kila kimoja na wimbo wake. Bwana harusi naye huitwa, akapiga mshale kwenye alama iliyochorwa ukutani juu ya kichwa cha mwali.

Kati ya vitu hivyo kimoja kilikuwa kidogo kuliko vyote. Shangazi, dada wa baba, humpa mwali kichungu kinachoenea kiganjani. Baada ya kukutana, mume na mke hukishika wote wawili ukingoni, wakakiweka motoni, kisha maji yake yakawa ya kunawishana mikono. Bila hivyo hawakupaswa kugusa moto wa jikoni wala kumpakata mtoto. Kichungu kilikaa kwa mke, kimefichwa. Mume mwenye hadhi kubwa, hata chifu, hakuweza kujitakasa mwenyewe. Alimhitaji mkewe, na wote wawili walilijua hilo.

Wamisionari waliyatazama haya kwa namna tofauti. Wengine walipiga marufuku. Pale Mbereshi, karibu kabisa na ikulu ya Kazembe, Mabel Shaw wa London Missionary Society alijaribu kitu kingine katika shule ya bweni ya wasichana aliyoianzisha mwaka 1915. Aliwapanga kwa familia kama kijijini, wakubwa wakiwa mama wa wadogo, akamwita Kristo Chifu, na akataka sehemu za malezi ya jadi ziingie katika Ukristo badala ya kung'olewa. Mchumba alipitia shuleni, na binti alitoka hapo kwenda kwenye ndoa yake. Shaw alikuwa mtu wa amri, na kilichofaa kubaki alikiamua mwenyewe. Hata hivyo miaka zaidi ya mia moja iliyopita, katika bonde hilihili, alikuwa ameshaanza mjadala wa mila na kanisa ambao leo unauzwa kama uvumbuzi.

Leo banachimbusa, yaani makungwi hao, wana kazi tele. Wapo makanisani, na kina mama Wakatoliki wa Copperbelt wamekuwa wakifundisha chisungu kwa miongo mingi, kama alivyoonyesha Thera Rasing katika vitabu vyake. Harusi ya mjini haikamiliki bila kitchen party, ambayo Dar es Salaam nayo imeikumbatia mpaka tukasahau kuwa tuliwahi kuishi bila hiyo. Upande wa bwana harusi hupelekewa ichilanga mulilo, karamu ya kumwonyesha moto: kina mama huingia wakiimba, bakuli zimefunikwa, wakapiga magoti na kufunua moja moja, kuku mzima, samaki, majani yaliyoungwa karanga, ugali. Zamani mume angeweza kuingoja kwa miaka, kama alama kwamba wakwe wamemkubali. Sasa inafanyika kabla ya harusi, maana ukumbi umelipiwa.

Kwetu nako, Zanzibar, tulikuwa na Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013. Ulimwengu ulimjua kwa taarab, kisiwani alijulikana pia kwa ngoma ya unyago na mabinti aliowafunda. Watalii walimlipia kiingilio kuitazama ngoma ileile ambayo familia nyingi zilikuwa zinaona aibu kuwachezea watoto wao.

Hapa ndipo ilipo nusu iliyoachwa. Chisungu alichokiona Richards kilimpata msichana kwa sababu amevunja ungo. Ni kweli wengi walikuwa wameshaposwa, na hatuna sababu ya kulitamani hilo. Lakini aliyekuwa akitukuzwa ni yeye na mwili wake uliokua. Richards alibaini pia kwamba wasichana hawakufundishwa mengi mapya: kulima na kupika walikuwa wakijua tangu utotoni. Walichopewa ni kutambuliwa mbele ya watu kwamba kazi ileile sasa wanaifanya kama watu wazima. Kitchen party humtambua aliyepata mume. Mwenye miaka 35 asiye na mchumba, mwenye duka lake la chisense na watoto wa dada yake anaowasomesha, huichangia miaka yote na hafundwi kamwe. Katika jamii iliyompa Nachituti mamlaka ya kukabidhi ziwa bila mume yeyote kutajwa, huo si urithi wa mababu. Ni jambo jipya lililovikwa chitenge.

Mwishoni mwa 2023 Zambia ilirekebisha sheria ya ndoa, umri ukawa miaka 18 kwa kila ndoa, ya kimila ikiwemo. Maana yake, msichana wa Nchelenge anayevunja ungo akiwa na miaka 13 ana miaka mitano au zaidi ambayo hakuna nachimbusa aliyeitwa kwa ajili yake, na katika miaka hiyo simu inamfunda bure. Mbusa za kitandani zinaweza kumsubiri. Jembe, jina la ukoo, watani wake ni akina nani, shamba la bibi liko wapi na litapita kwa nani, hayo shangazi anaweza kumwambia likizo ya Desemba, wakati boti zimefungwa na watu wako nyumbani.