Mzazi, je, bweni la mwanao lina kengele ya moto?

Shule zinapokaribia kufunguliwa, wazazi wa Kisumu humiminika Kibuye kutafuta masanduku ya bati, magodoro na ndoo. Lakini je, ni wangapi huuliza iwapo bweni atakalolala mtoto lina kengele ya moto?

Si swali la kupuuzwa. Moto huzuka usiku, na moshi haumwamshi aliyelala. Waweza kumuua kabla miali haijamfikia. Mwaka wa 2001 wavulana 67 waliangamia Kyanguli, Machakos. Mwaka wa 2017 wasichana 10 walifariki katika shule ya Moi, Nairobi, na mwaka wa 2024 wavulana 21 huko Hillside Endarasha, Nyeri.

Si kwamba kanuni hazipo. Mwongozo wa usalama shuleni wa mwaka wa 2008 unaagiza kengele za moto ziwekwe mahali panapofikika kwa urahisi, na vizima-moto kwenye kila mlango. Milango iwe pande zote mbili, na wa dharura katikati. Ifunguke kwa nje, wala isifungwe watoto wakiwa ndani. Madirisha yasiwe na vyuma. Kyanguli, mlango mmoja ulifungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Hapo hata kengele ingefaa nini?

Kwa hivyo mzazi, iwe shule iko Maseno au Mbita, ingia bwenini ujionee. Omba kengele ilizwe uisikie. Naye mtoto mwambie: ikilia, acha sanduku, toka nje. Tahadhari kabla ya hatari.