Kidonge Kipo Kabatini

Shemeji yangu alikwenda kumchangia damu mkewe aliyekuwa akisubiri upasuaji. Siku chache baadaye akapigiwa simu arudi maabara. Akakabidhiwa kipande cha karatasi chenye herufi tano, HBsAg, na mbele yake alama ya kujumlisha iliyokolezwa kwa kalamu nyekundu. Mtu wa miaka 41, anabeba gunia la mahindi bila kuhema, anaambiwa ana virusi vya homa ya ini aina ya B. Jioni ile aliniuliza jambo moja tu: "Shemeji, dawa yake ni ipi?"

Hapo ndipo ugumu unapoanzia, kwa sababu dawa ya kufubaza ipo, ya kuponya bado inatafutwa.

Kifua kikuu kilitufundisha zamani kwamba mdudu mkaidi hapigwi kwa dawa moja. Mgonjwa huanza na dawa nne, na kwenye UKIMWI ni tatu. Homa ya ini ilichelewa kulipata somo hilo. Mwaka 1998 lamivudini ilipoidhinishwa kwa ugonjwa huu, ilitumika peke yake. Ndani ya miaka mitano, kama wagonjwa saba kati ya kumi walikuwa na virusi sugu. Huku kwetu usugu huo ulipitia mlango wa pembeni. ARV za miaka ile ya mwanzo, stavudini, lamivudini na nevirapini, zilikuwa tatu dhidi ya VVU, lakini kwa mtu mwenye virusi vyote viwili ni lamivudini peke yake iliyokuwa ikipambana na homa ya ini.

Ikaja tenofovia, ikazima hata virusi vilivyoishinda lamivudini. Usugu dhidi yake ni nadra mno, kiasi kwamba kwa kazi ya kufubaza haihitaji mwenzake. Kwa nini basi wataalamu bado wanahangaika kuchanganya dawa?

Aliyewahi kulima shamba lenye ndago atanielewa haraka. Unapalilia, shamba linang'aa, mvua moja ikinyesha majani yanarudi, maana vile viazi vyake vidogo vimelala chini ya udongo. Virusi vya homa ya ini B navyo huacha kiduara cha vinasaba ndani ya kiini cha seli ya ini. Tenofovia inakata majani, kiduara kinabaki. Ndiyo maana mgonjwa akiacha vidonge ghafla ugonjwa unaweza kurudi kwa kishindo, na wapo wanaofariki kwa kosa hilo.

Wazo la kuchanganya ni kukata majani huku ukichimba. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, wagonjwa 740 waligawanywa: wengine tenofovia, wengine sindano za intaferoni, za kuamsha kinga ya mwili, wengine vyote viwili kwa wiki 48. Zilipotimu wiki 72, waliokuwa wamepoteza ile alama ya HBsAg, dalili ya karibu zaidi na kupona, walikuwa kama 9 kwa kila 100 kati ya waliochanganyiwa. Waliopata intaferoni pekee walikuwa kama 3, na waliomeza tenofovia pekee hakuna hata mmoja. Tisa ni wachache, hasa ukikumbuka kuwa intaferoni humwachia mtu homa, uchovu na wakati mwingine sonona. Lakini kutoka sifuri hadi tisa, njia imeonekana. Leo zinajaribiwa dawa zinazozuia seli kutengeneza protini za virusi, zikifuatana na zile zinazoamsha kinga ya mwili.

Ila shemeji yangu hakuhitaji kusubiri maabara za ughaibuni. Machi 2024, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya: pale tenofovia peke yake isipopatikana, mgonjwa apewe kidonge chenye tenofovia na lamivudini. Hizo ndizo dawa mbili kati ya tatu zilizomo kwenye kidonge cha kila siku cha ARV. Mwenye VVU na homa ya ini anatibiwa yote mawili kwa kidonge kile. Shemeji, mwenye homa ya ini tupu, aliambiwa hospitalini dawa hakuna, na alikuwa amesimama hatua kumi kutoka kwenye kabati la kliniki ya UKIMWI.

Hilo linaniuma. Mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa wakiishi na virusi hivi. Waliokuwa wanajijua ni 13 kwa kila 100, na waliokuwa kwenye dawa ni 3. Kliniki zetu za UKIMWI zina wauguzi, mafaili na utaratibu wa kumfuatilia mgonjwa kwa miaka. Ziruhusiwe kumpokea na mwenye homa ya ini. Sisemi mtu aombe vidonge kwa jirani. Lazima apimwe VVU kwanza, kwa sababu dawa mbili hizo peke yake zinaweza kufanya VVU kuwa sugu, na figo ziangaliwe, maana tenofovia inaweza kuziumiza.

Shemeji alizunguka maduka matatu ya dawa kabla ya kupata tenofovia. Sasa kopo lake jeupe linakaa juu ya kabati la vyombo, naye humeza saa mbili usiku, taarifa ya habari ikianza. Mkewe alipimwa akakutwa salama. Amechomwa sindano ya kwanza ya chanjo, ya pili ni mwezi ujao.